UZI: Hasara za mitandao ya simu kwa siasa zetu, na kosa langu la Agosti 2022

1. Tuendelee na uzi wetu wa kila wiki. Wiki iliyopita tulimalizana na mgao wa pesa za kaunti, na wengi wenu mliomba tufike kwa hii ya leo. Kila mdahalo wa siasa hapa Kenya, mmoja atasimama aseme "mitandao inaharibu nchi", mwingine atamjibu "mnataka kutunyamazisha". Watu wanapiga makofi, wanaenda nyumbani. Hakuna aliyeeleza kitu.

2. Kanuni ni zile zile. Hakuna majina ya wanasiasa, hakuna vyama. Ukianza na "lakini yule wenu", hiyo komenti nitaificha bila kelele. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, mwaka wa nne, si msemaji wa mtu.

3. Leo nafanya vitu viwili. Kwanza, naeleza hasara za hizi programu tulizo nazo kwa simu, upande wa siasa peke yake. Ya usingizi, macho na mapenzi waachieni wengine. Pili, nasema kitu nilichofanya mimi mwenyewe 2022, ambacho sijawahi kukitaja hapa. Nilijaribu kuandika uzi huu bila kukitaja, ikawa ni kama ninawahubiria dhambi za jirani.

4. Na kabla mtu hajaniita adui wa uhuru: sisemi tutupe simu. Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Kitabu kizima cha lugha ya wanasheria kilielezwa na vijana kwa video za dakika moja, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za mama. Maelfu walikuwa wanakaa usiku kwa mijadala ya sauti kule X. Juni 25 watu waliingia Bungeni na wengine wakauawa. Siku iliyofuata mswada ukaondolewa. Bila simu, wengi wetu tungeujua huo mswada tukishaanza kulipa.

5. Kwa hivyo swali la "mitandao ni mizuri au ni mibaya" tuliache kwa wenye kutafuta makofi. Swali letu ni hili: inapoharibu siasa, inaharibu kwa njia gani hasa? Ukijua njia, unajua pa kuweka kizuizi. Usipojua, unafunga mlango wa mbele na mwizi ameingilia dirisha.

6. Sasa Agosti 2022. Nilikuwa nimemaliza Fomu Foa mwaka huo, niko nyumbani Nakuru nangoja kuitwa chuo. Tulipiga kura Jumanne, Agosti 9. Matokeo ya urais yalitangazwa Jumatatu, Agosti 15. Hizo siku sita mnazikumbuka. Maduka nusu yamefungwa, matatu chache, vituo vya runinga vinaonyesha hesabu zisizofanana, halafu vikasimamisha kuhesabu. Kila mtu ameinamia simu.

7. Alhamisi usiku nikatumiwa ujumbe wa sauti kwenye grupu ya wale tuliosoma pamoja. Mama analia, anataja senta fulani ya huku Bonde la Ufa, anasema nyumba za watu wa jamii fulani zimewekwa alama ya rangi, na wameambiwa ikifika asubuhi wawe wameenda. Sikujiuliza chochote. Nikautuma kwa grupu ya ploti yetu, na chini nikaandika maneno mawili: "Mkae chonjo."

8. Kwenye ploti yetu aliishi mama mmoja, tumwite Mama Brayo. Jina nimebadilisha, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika. Anauza chapati asubuhi na jioni. Jamii yake si ya wengi pale mtaani. 2008 alilala kwa hema miezi kadhaa pale Showground ya Nakuru na mtoto mgongoni. Ijumaa alfajiri mlango wake ulikuwa na kufuli. Jiko lilibaki nje, unga ulikuwa umekandwa na kuachwa kwa karai.

9. Ule ujumbe ulikuwa wa uongo. Mwezi mmoja baadaye binamu yangu akausikia kwa simu yangu akacheka, akaniambia ako nao tangu uchaguzi wa 2017. Tukauangalia kwa simu yake ya zamani. Sauti ile ile, kilio kile kile. Senta iliyotajwa haikuwa na shida yoyote 2022. Nitarudi kwa Mama Brayo mwishoni. Wacha kwanza tuone ni mashine gani ilinibeba.

10. HASARA YA KWANZA: programu inapima muda wako, haipimi ukweli. Kutumia hulipi, anayelipa ni mwenye matangazo, na anachonunua ni dakika zako. Kwa hivyo mashine inayopanga unachoona inaangalia vitu vichache: ulisimama kwa video sekunde ngapi, ulikomenti, ulituma kwa nani. Hakuna mahali inauliza "hii ni kweli?" Habari ya bajeti ya kaunti inasomwa sekunde tatu. Mwanasiasa akitukana mama ya mwenzake, unaangalia mara mbili na unamtumia rafiki. Kesho mashine inakuletea matusi zaidi.

11. Hii si dhana yangu. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017, emoji, pamoja na ile ya hasira, ilihesabiwa mara tano ya laiki ya kawaida wakati wa kuamua ni posti gani isambae. Hebu fikiria maana yake kwa mgombea. Ukikasirisha watu mia moja, mashine inakuchukulia kama uliyefurahisha watu mia tano. Waliendelea kupunguza huo uzito, na 2020 hasira ikawekwa sufuri. Lakini uchaguzi wetu wa 2017 ulikuwa umeshapita ndani ya mfumo huo.

12. Watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walichapisha utafiti 2018 wakiangalia habari karibu 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ya kweli. Ya kweli ilichukua kama mara sita ya muda ule kufikia watu 1,500. Na habari za siasa ndizo zilikimbia kuliko zote. Kitu kingine walichokuta: wasambazaji wakubwa si roboti. Ni watu. Ni mimi na maneno yangu mawili.

13. HASARA YA PILI: grupu za kufungwa. Mtu akidanganya kwa redio, kila mtu anasikia na mwingine anaweza kupiga simu ampinge. Kwenye grupu ya familia au ya ploti, uongo unaingia bila mtu wa nje kujua. Waandishi wanaokagua habari hawaoni. Mgombea aliyesingiziwa haoni. Na anayekuletea si mgeni, ni shangazi yako, ni kijana wa jirani. Tunaamini mtu aliyeleta kabla hatujaangalia alicholeta.

14. WhatsApp walijaribu kupunguza. Januari 2019 walisema ujumbe mmoja usitumwe kwa zaidi ya grupu au watu watano kwa mpigo, dunia nzima. Aprili 2020 wakaongeza: ujumbe uliopita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, unautuma sehemu moja moja tu. Ule ujumbe wangu ulikuwa na mishale miwili. Niliiona. Nikafikiri maana yake ni kwamba jambo ni zito. Kumbe maana yake ni kwamba hakuna anayejua ulitoka wapi.

15. Na kuna kitu midahalo ya runinga haitaji kabisa: bando. Wengi wetu hatununui intaneti, tunanunua bando ya programu moja. Wiki ile nilikuwa na bando ya WhatsApp peke yake. Ile tovuti ya IEBC iliyowekwa picha za Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, ambapo Mkenya yeyote angeweza kuangalia hesabu ya kituo chake, singeweza kuifungua. Video ya mtu akipiga kelele kuhusu fomu ningeweza kuiona. Fomu yenyewe, hapana. Uongo ulikuwa ndani ya bando na ukweli ulikuwa nje.

16. Kwa hivyo ukisikia mgombea akisema "wananchi wasome, wajielimishe", muulize: kwa bando gani? Mtu wa kibarua wa mia tano kwa siku hawezi kuchoma pesa akikagua kila skrinshoti. Bei ya intaneti ni suala la siasa, si suala la teknolojia peke yake.

17. HASARA YA TATU: umaarufu wa kununuliwa. Ukiamka ukute hashtegi fulani iko namba moja Kenya, unaweza kufikiri nchi nzima imeamka na hasira hiyo. 2021 watafiti wa shirika la Mozilla walifuatilia kampeni za aina hii hapa kwetu, nyingi zikishambulia majaji na wanaharakati wakati wa kesi ya kubadilisha Katiba. Walikuta watu wanaolipwa kama dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku. Unaingizwa grupu ya WhatsApp, unatumiwa maneno na picha, unaambiwa saa ya kuanza, kazi ikiisha unalipwa kwa simu.

18. Chuoni nawajua walioifanya hiyo kazi. Siwadharau. Mtu ana Fuliza ya mwezi jana na hajalipa rent, ataambiwa aandike posti ishirini na atakataa kwa nini? Lakini angalieni matokeo. Jaji anaamka anakuta anaitwa mwizi na akaunti elfu moja. Mbunge anafikiri wapiga kura wake wamegeuka. Mwananchi wa kawaida anajiona yuko peke yake na maoni yake, ananyamaza. Kelele ya pesa kidogo inanyamazisha watu wengi ambao hawakulipwa.

19. HASARA YA NNE: data yako inakuwa silaha ya kampeni. 2018 dunia ilijua kuhusu Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyopata data za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87 bila ruhusa yao. Wakuu wake walirekodiwa kwa kamera ya siri wakijisifu kuhusu kazi waliyofanya kwenye kampeni za Kenya za 2013 na 2017. Kama walibadilisha kura ngapi, hapo wasomi wanabishana. Ambalo halina ubishi ni kwamba hofu zetu zilichukuliwa kama soko.

20. Na msifikiri ni wageni tu. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen wakajikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Namba ya kitambulisho na namba ya simu zilitosha. Sasa fikiria programu ambayo umeiruhusu isome majina yote kwa simu yako, ijue uko wapi na unazungumza na nani usiku. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kuna Kamishna wa Data. Unaweza kupeleka malalamiko bila wakili. Ni wangapi hapa wamewahi kujaribu?

21. HASARA YA TANO: anayekagua haelewi lugha yetu. Aprili 2022 Tume ya Uwiano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Neno "madoadoa" lilikuwemo. Ukiangalia kamusi, madoadoa ni alama ndogo ndogo za rangi, kama za chui. Mkenya aliyekuwa Bonde la Ufa 2008 akilisikia jukwaani anatafuta watoto wake. Mashine iliyofunzwa kwa Kiingereza italijuaje? Na bado hatujafika Kikalenjin, Kikuyu, Dholuo au Sheng inayobadilika kila muhula.

22. Hata binadamu waliopewa kazi ya kukagua, wengine wakifanya kazi hapa hapa Nairobi chini ya kampuni iliyokodishwa, walilalamika kwamba wanaumia. Mei 2022 mmoja wao alienda mahakamani akiishtaki kampuni mama ya Facebook pamoja na ile iliyomwajiri, kuhusu mazingira ya kazi. Kampuni ya ng'ambo ilisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi inaweza kuendelea hapa. Hilo ni jambo kubwa kuliko tulivyolichukulia. Maana yake, anayevuna kutoka kwa kelele zetu anaweza kuulizwa maswali hapa kwetu.

23. HASARA YA SITA: nani anaogopa kugombea. Katiba inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Bunge letu halijawahi kufikia hapo. Sababu ni nyingi, lakini moja iko mfukoni mwako. Mwanamume akigombea, wanamtafutia wizi. Mwanamke akigombea, wanamtafutia ndoa, mwili, picha za kubandika kichwa chake kwa mwili wa mwingine. Classmate wangu alikuwa anataka kiti kwa uongozi wa wanafunzi. Alidumu siku nne. Picha ya kutengenezwa ilifika kwa simu ya babake kabla yeye mwenyewe hajaiona. Alijiondoa, na mdahalo wa wagombea ukaendelea bila yeye, na hakuna aliyeuliza kiti chake kimeenda wapi.

24. HASARA YA SABA, na hii ni yetu sisi vijana: tunachanganya simu na nchi. 2022 tulikuwa tumejaa kila hashtegi. IEBC ilipotoa daftari la wapiga kura, wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imeshuka kulingana na 2017. Wazee wetu wasio na akaunti hata moja walipanga foleni saa kumi na moja asubuhi na viti vya plastiki. Kulaiki posti ya mgombea hakuingii kwa Fomu 34A.

25. Sasa, dawa. Hapa ndipo midahalo inaharibika, kwa sababu wanasiasa wakitaja "madhara ya mitandao" mara nyingi wanamaanisha "watu wanaonisema mimi". Katiba, Kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kujieleza, na hapo hapo inasema uhuru huo haubebi uchochezi wa vurugu wala maneno ya chuki. Sheria ya NCIC ya 2008, iliyotungwa baada ya kupoteza watu zaidi ya 1,100, inaadhibu maneno ya chuki kwa faini ya hadi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu. Kwa hivyo anayesema "hatuna sheria" hajasoma.

26. Tena tuna Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta na Mitandao ya 2018. Ilivyotungwa, kuchapisha habari za uongo kungeweza kukupeleka faini ya hadi milioni tano, na kama uongo huo umeleta taharuki, kifungo cha hadi miaka kumi. Mabloga walienda kortini, vifungu 26 vikasimamishwa, lakini Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema sheria iko sawa. Oktoba 2025 marekebisho yake yakatiwa saini, na siku chache baadaye korti ikasimamisha baadhi ya vifungu. Mnaona vile tunazunguka.

27. Shida ya sheria kama hii ni nani anaamua uongo ni upi, na nani anakamatwa kwanza. Miaka ya nyuma kulikuwa na kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichoadhibu "matumizi mabaya" ya simu na mitandao. Kilitumiwa kukamata watu walioandika kuhusu wakubwa, hadi Mahakama Kuu ilipokifuta 2016 kwa sababu hakikueleweka kinakataza nini hasa. Sheria isiyoeleweka inamwogopesha mkweli. Mwongo anayelipwa ana wakili na ana akaunti nyingine.

28. Na mnisikilize hapa kwa makini. Kwa ile sheria, mimi wa Agosti 2022 ningeweza kukamatwa. Ingesaidia? Mama Brayo angekuwa ameshaenda. Aliyerekodi kile kilio 2017 angebaki kwake. Aliyepata faida ya dakika zetu za woga angebaki nayo. Angefungwa mtoto wa miaka 18 mwenye bando ya WhatsApp. Sisemi sikosi hatia. Nasema kunifunga mimi hakungefunga mfereji.

29. Kwa hivyo mdahalo ujao, mkipata maikrofoni, msiulize "unaonaje mitandao?" Ulizeni hivi:
a) Kampeni yako imelipa nani kuandika mtandaoni, na utatangaza orodha lini?
b) Namba zetu za simu ulizitoa wapi?
c) Utafanya nini ili tovuti ya matokeo ifunguke bila bando siku za kuhesabu kura?
d) Mfuasi wako akisambaza uongo juu ya mpinzani, utamkanusha hadharani ndani ya saa ngapi?
e) Sheria unayotaka inataja kosa gani hasa, na ni nani anaamua?
Akijibu (a) na (b) bila kuzunguka, niiteni nije nimwangalie.

30. Na sisi wenyewe? Nina tatu tu, kwa sababu orodha ndefu hakuna anayefuata. Moja: ukiona mishale miwili, uliza aliyekutumia "wewe ulikuwa hapo?" Kama hakuwa, inaishia kwako. Mbili: jambo la kuogopesha, piga simu kwa mtu aliye mahali panapotajwa. Simu ya dakika moja ni shilingi chache. Mimi nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu anayeishi karibu na ile senta. Sikumpigia. Tatu: ukikosea, sahihisha kwa grupu ile ile, si kwa siri, na usifute tu ukanyamaza. Kufuta hakumfikii aliyeshasikia.

31. Turudi kwa Mama Brayo. Alirudi Nakuru baada ya wiki tatu. Nyumba yake ilikuwa imepewa mpangaji mwingine, wateja wa asubuhi wamehamia kibanda kingine. Brayo alikosa wiki za mwanzo za kurudi shule. Sasa amepanga karibu na barabara na ameanza tena. Kila likizo nilikuwa napita nasalimia, nanunua, naondoka. Miaka mitatu.

32. Likizo iliyopita nikasimama pale hadi wateja wakaisha, nikamwambia. Mimi ndiye niliyeweka ile sauti kwa grupu ya ploti. Hakuacha kugeuza chapati. Akaniuliza, "Na ulikuwa unajua ni uongo?" Nikasema hapana, lakini sikuangalia. Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema: "Ile sauti nililetewa na watu watatu usiku ule. Wawili niliwapuuza. Yako ndiyo iliniamsha, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa umesoma."

33. Akanifungia chapati mbili kwa gazeti, akanidai pesa yake, nikalipa. Hatukukumbatiana na hakusema yamekwisha. Aliniambia tu niandike, "kama unaona itazuia mwingine." Ndiyo sababu ya uzi huu.

34. Nyinyi mnaofuata siasa hapa kila siku, hiyo sentensi yake inatuhusu. Kwa familia zetu sisi ndio "waliosoma", ndio tunaoulizwa "hii ni ukweli?" Mwaka wa uchaguzi tukituma kitu, tunakigonga muhuri hata bila kujua. Mwanasiasa hahitaji kukudanganya wewe. Anahitaji wewe umtumie mamako.

35. Komenti ziko wazi. Kama nimekosea tarehe au sheria, nisahihishe hapa hapa nami nitarekebisha mbele ya watu. Kama nawe ulishawahi kutuma kitu kikaumiza mtu, si lazima ukiseme hapa, lakini grupu uliyokituma bado iko. Wiki ijayo, mkipenda: kwa nini ile thuluthi mbili ya jinsia imekwama tangu 2010. Jumapili njema.